Mlonge na risasi: shajara ya mradi wangu wa maabara

Wiki ya 1

Ruhusa ya kamati ya maadili ya utafiti imetoka leo mchana. Panya weupe 24 wa aina ya Wistar, makundi manne, siku 60 za kunywesha. Swali ni hili: je, majani ya mlonge yanaweza kuilinda korodani isiharibiwe na madini ya risasi?

Tasnifu nitaiandika kwa Kiingereza, na wale ninaowafikiria kila ninapoingia maabara hawataisoma. Ndiyo maana shajara hii naiandika kwa Kiswahili.

Wa kwanza ni kaka yangu. Anavua samaki pwani ya Tanga, na bahari ikichafuka anabaki nchi kavu kuyeyusha betri mbovu za magari ili atengeneze chubwi za nyavu. Anaipasua betri kwa panga, anamwaga tindikali mchangani, anachomoa bamba za risasi na kuzitia kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa. Zikishayeyuka zikang'aa kama kioo, anachota kwa kopo lenye mpini wa waya na kumimina kwenye vishimo alivyochimba kwa kidole. Nilipokuwa mdogo nilichutama upande wa pili wa jiko lile, moshi ukiniingia puani, nikingoja chubwi ya kwanza ipoe niichezee.

Yeye na mkewe wana miaka saba ya ndoa na hawajajaliwa mtoto. Mtaani macho yote yako kwa wifi. Ameshapelekwa kwa waganga wawili, ameshapimwa hospitali akaambiwa hana tatizo, na bado anaitwa tasa kisimani. Kaka hajapimwa hata mara moja.

Sisemi kwamba risasi ndiyo sababu. Lakini tangu mwaka 1975 watafiti wa Romania walishachapisha habari za mafundi wa kiwanda cha betri ambao mbegu zao za kiume zilikuwa chache, zenye mwendo hafifu na maumbo yaliyoharibika. Na hapo jirani, Mombasa, kuna mtaa wa Owino Uhuru, uliotiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido, mama ambaye mwanawe mwenyewe alikutwa na risasi mwilini, aliongoza madai ya watu wa mtaa ule hadi akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Kwa hiyo hili si jambo la kusoma vitabuni tu.

Wiki ya 2

Nilichuma kilo nne za majani ya mlonge, nikayaanika kivulini juu ya mkeka, siku sita. Nilikuwa nayasifu kwa rangi yake, kijani kabisa bila doa, ndipo mzee wa maabara akaniuliza, "Binti, mti wenyewe uko wapi?"

Nikamwambia uko nyuma ya gereji, njia ya kwenda stendi.

Hakunijibu haraka. Akachukua jani moja, akalifikicha, akauliza tena, "Gereji ya kufungua betri?"

Nimeyatupa yote. Mboga ya majani hushika vumbi la risasi, na udongo wenye risasi huipenyeza kidogo kidogo mpaka kwenye mmea. Ningewanywesha panya sumu kwa mkono mmoja na dawa yenye sumu ileile kwa mkono wa pili, kisha nikaandika matokeo. Yapo ya kutisha zaidi duniani: nchini Bangladesh iligundulika kwamba manjano ya sokoni yalikuwa yakitiwa kromati ya risasi ili yawe na rangi kali. Manjano hayohayo tunayoyasifu kwa kulinda mwili! Serikali yao iliingilia kati na hali ikabadilika sana, lakini tangu nisome habari ile kila unga wa mitishamba nauangalia kwa jicho jingine.

Nimepata mti mwingine, kwenye ua wa shamba upande wa milima ya Uluguru, mbali na barabara. Majivu ya majani yake yatapelekwa kupimwa risasi kabla sijaendelea.

Wiki ya 4

Majani mapya ni salama. Kilo nne mbichi zimebaki gramu 930 kavu. Nimesaga, nimechekecha, nimeloweka gramu 700 kwenye ethanoli ya asilimia 70 kwa siku mbili, nimechuja, nimevukiza. Imebaki tope nzito ya kijani kibichi kinachokaribia weusi, gramu 91, inanuka kama mchicha uliosahaulika chunguni. Itatosha siku zote 60.

Leo nimefanya kipimo cha DPPH. Ni kimiminika cha zambarau; ukitia kitu chenye antioksidanti, yaani kemikali inayozima radikali huru (molekuli kali zinazoharibu chembe za mwili), zambarau inafifia hadi manjano, na spektrofotometa, mashine ya kupima mwanga, inasoma kufifia huko kwenye nanomita 517. Mlonge ulifaulu vizuri. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikatia tone la chai ya rangi niliyokuwa nakunywa nje, nayo ikafaulu.

Namaanisha hivi: kufaulu kwenye neli si kufaulu ndani ya korodani. Karibu kila mmea wenye uchungu kidogo au rangi kidogo utaifuta ile zambarau. Tunaandika "mmea una uwezo mkubwa wa antioksidanti" halafu tunaishia hapo, na muuza dawa pembeni ya stendi analichukua neno hilo analibandika kwenye chupa.

Wiki ya 5

Siku ya kutengeneza maji ya risasi. Asetati ya risasi ni chembe nyeupe, tamu kwa ladha (ndiyo maana zamani iliitwa sukari ya risasi), nayo huyeyuka majini upesi. Niliipima, nikaimimina kwenye chupa, nikajaza maji ya bomba kwa sababu mashine ya kukeneka maji ilikuwa inatumiwa na wengine. Maji yakawa meupe kama tui. Nikatikisa, yakazidi. Baada ya robo saa sehemu ya juu ilikuwa imeanza kutakata na chini kumelala unga mweupe.

Maji ya bomba yana kaboneti, salfeti na kloridi. Risasi ilishikana nazo ikawa mashapo yasiyoyeyuka. Kama ningekuwa nimeshaanza kunywesha, panya wa kwanza angepata maji matupu na wa mwisho angepata sumu yote ya chini ya chupa. Nimeosha kila kitu nikangoja maji yaliyokenekwa, na nimeweka tone la asidi ya siki kuyasaidia. Sasa yametulia, maangavu. Mashapo nimeyaweka kwenye chupa ya taka za sumu, si kwenye sinki.

Lakini ule weupe haukunitoka kichwani. Usiku, kitandani, nikajiuliza: kama risasi inashikana na chumvi za maji ya bomba namna ile, je, ikikutana na mlonge?

Wiki ya 5, kesho yake

Nimefika kabla ya mlango kufunguliwa. Nimechukua neli mbili. Ya kwanza, maji ya mlonge peke yake. Ya pili, maji ya mlonge, kisha matone kumi ya asetati ya risasi.

Tone la kwanza lilipogusa tu, palitokea wingu. La tatu, wingu likawa mabonge madogo ya rangi ya manjano, kama maziwa yaliyokatika yakatiwa bizari. Kufikia la kumi, mabonge yalikuwa yanazama polepole, yanagusana, yanashikana, yanatulia chini. Juu, ile kijani ya mlonge ilikuwa imepauka.

Nilikaa pale nikiitazama neli ile mpaka mzee alipoingia. Aliitazama mara moja akasema, "Hiyo mbona tunawafundisha wa mwaka wa kwanza." Kweli. Asetati ya risasi ni kipimo cha zamani cha kutambua tanini na flavonoidi, kemikali za asili zilizomo kwenye mimea: mashapo yakitokea, zipo. Nilikifanya mwenyewe nikiwa mwaka wa kwanza, nikapata alama, nikapita.

Sasa tazama mpango wangu ulivyokuwa. Kundi la nne lilikuwa linywe risasi, na papo hapo, kwa sindano ileile butu ya kunyweshea, linywe mlonge. Vikutane tumboni. Nilichokiona kwenye neli kingetokea ndani ya panya: mlonge ungeishika risasi kabla haijaingia kwenye damu, ingetoka na kinyesi, korodani ingebaki nzima, nami ningeandika kwamba antioksidanti za mlonge zimezuia madhara. Ungekuwa uongo niliouamini mwenyewe.

Si uongo mdogo, maana kuna kulinda kwa namna mbili. Namna moja ni kuizuia risasi mlangoni isiingie. Namna nyingine ni kuzima moto ambao risasi imeshauwasha ndani. Kwa mtu ambaye risasi yake inaingia kwa moshi, kupitia mapafu, kama kaka, kile kinachotokea tumboni hakimgusi sana. Yeye anahitaji namna ya pili. Nimezisoma makala nyingi za mimea hii, tangawizi, kitunguu saumu, rosela, na sasa nazirudia moja moja kuangalia jambo moja tu: dawa na metali vilitolewa saa ngapi? Mara nyingi, kwa wakati mmoja au vikipishana kidogo.

Mlonge hasa ulipaswa kunizindua mapema. Kwenye kingo za Mto Nile nchini Sudan wanawake walikuwa wakitia unga wa mbegu zake kwenye maji ya tope yatakate. Mti ambao sifa yake ya kale ni kushika uchafu na kuuzamisha, mimi nikasahau kuuliza kama utashika na risasi!

Wiki ya 6

Dokta, msimamizi wangu, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Andika maombi ya kubadilisha mpango. Mradi utachelewa, na uchelewe." Nilishuka ngazi nimefarijika.

Makundi sasa ni matano, panya 30. La kwanza maji tu. La pili risasi tu. La tatu mlonge tu. La nne risasi na mlonge pamoja. La tano risasi saa moja asubuhi, mlonge saa kumi na mbili jioni. Ili mkono wangu usiwe sababu ya tofauti, panya wote watanyweshwa mara mbili kwa siku. Asiye na dawa saa ile atapewa maji. Risasi miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, mlonge miligramu 250.

Mwishoni nitapima risasi yenyewe kwenye damu na kwenye korodani. Kundi la nne likionekana na risasi pungufu, mlonge umezuia mlangoni. Kundi la tano likiwa na risasi sawa na kundi la pili, halafu madhara yakawa madogo, hapo ndipo nitakapothubutu kutaja antioksidanti.

Wazo la kulinda korodani dhidi ya metali si geni. Jiří Pařízek wa Chekoslovakia, kati ya mwaka 1956 na 1957, alionyesha kwamba chumvi ya kadimi, metali nyingine yenye sumu, huiua korodani ya panya kwa haraka, na kwamba zinki ikitangulia huikinga. Zinki si mtishamba wala si antioksidanti ya kuzungumzwa sokoni.

Wiki ya 9, siku ya 10 ya kunywesha

Kamati ilikubali. Tunaendelea.

Watu wananiuliza kwa nini siku 60, wakati wengine wanamaliza kwa wiki mbili. Kwa sababu mbegu ya panya huchukua kama siku 52 tangu chembe mama hadi ikamilike, kisha inapita wiki nzima na zaidi kwenye epididimisi, kile kirija kirefu kilichojikunja juu ya korodani, ikikomaa. Ukichinja siku ya 14 unahesabu mbegu ambazo nyingi zilishaumbwa kabla risasi haijafika. Kwa binadamu safari hiyo huchukua zaidi ya miezi miwili.

Siku ya 23

Mama mlezi wa panya amenifundisha kuwashika bila kuwatisha: kiganja chote mgongoni, si vidole. Panya akiogopa, homoni zake hubadilika, na hapo tena hujui kama unapima risasi au hofu. Yeye huwasalimia kila asubuhi, "Hamjambo wanangu," nami nimejikuta nafanya hivyohivyo.

Siku ya 37

Wifi alipiga simu. Amesikia kwamba ninasomea mlonge, akataka kujua ampikie kaka kiasi gani. Nilimpigia hesabu, kwa sababu alistahili jibu. Dozi ya panya huwezi kuihamisha kwa binadamu kwa kilo tupu. Hugawanywa kwa sita na kidogo. Miligramu 250 zinakuwa kama 40. Kwa mtu wa kilo 70 ni gramu 2.8 za tope langu, ambazo zimetoka kwenye gramu 21 na ushee za majani makavu. Ni kama fungu dogo la majani mabichi. Mboga ya mchana.

"Basi nitampikia kila siku," akasema.

Nikamwambia ampikie tu, ni chakula kizuri, lakini asitegemee kwamba ni dawa. Panya hujitengenezea vitamini C mwilini, sisi hatuwezi, kwa hiyo hata hapo panya na mtu si kitu kimoja. Kisha nikamwambia jambo ambalo nilikuwa nimelizungukia kwa miezi: risasi iliyo kwenye damu hupungua kwa nusu katika mwezi hivi ikiwa hakuna nyingine inayoingia. Ya mifupani inakaa miaka mingi. Jiko likiendelea kuwaka, mboga ya kila siku ni kukinga mvua kwa ungo.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Wifi, hilo mwambie wewe. Mimi nikisema watasema namsingizia."

Siku ya 44

Nimempigia kaka. Nilianza na shikamoo, habari za bahari, habari za mama, nikakwama. Mwishowe nikamweleza kazi yangu, hatua kwa hatua, kama ninavyomweleza Dokta.

Nilimwambia mbegu ya kiume ni chembe nyepesi mno: ili iweze kuogelea imetupa karibu mwili wake wote, na pamoja na mwili imetupa akiba ya vimeng'enya vya kujilinda. Ngozi yake imejaa mafuta laini yanayochacha upesi. Risasi haiwashi moto yenyewe kama chuma kinavyoweza, inaiba ulinzi. Inashikana na glutathioni, kinga ya ndani ya chembe, inazima kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza damu hadi mabaki yake yanalundikana na kuzaa radikali huru, na inakaa mahali pa zinki kwenye kifungashio cha vinasaba.

"Kwa hiyo mbegu inachacha?" aliuliza.

"Ndiyo kaka. Kama samaki aliyekosa barafu."

Kimya kirefu. Kisha, "Na ile sufuria, mdogo wangu, mama huwa anaichukua kuchemshia maji ya kuoga."

Sikujua hilo.

Siku ya 61

Siku ya kuvuna. Panya wamelazwa kwa dawa ya usingizi, hawakuamka. Mama mlezi aliniomba tusiwatoe wote chumbani kwa mara moja, nasi tulifanya hivyo.

Epididimisi inakatwa sehemu ya mkiani, inapasuliwa kwenye maji ya chumvi ya nyuzi 37, na mbegu zinamwagika zenyewe kama moshi mwembamba. Chini ya darubini, kichwa cha mbegu ya panya kimepinda kama ndoana. Nilivyoziona zinakwenda, ndoana mamia zinavuta mikia yake, nilimkumbuka kaka na nikashindwa kuendelea kwa dakika nzima.

Saa nane umeme ulikatika. Bafu ya maji ikaanza kupoa, na mbegu zikipoa zinalegea. Tulipopata jenereta, panya watatu walikuwa wameshapita kwenye maji ya nyuzi 29. Mwendo wa mbegu zao nimeuandika lakini nimeuwekea alama. Hautaingia kwenye hesabu, na nitaeleza sababu kwenye tasnifu. Idadi na umbo lao vinabaki, kwa sababu hivyo havitegemei joto.

Korodani moja ya kila panya imekwenda kwenye kimiminika cha kuhifadhia cha Bouin, maana formalini peke yake hukunja vijirija. Nyingine imegandishwa.

Wiki ya 20

Kipimo cha MDA, yaani cha mabaki ya mafuta yaliyochacha, kimekamilika. Mafuta yaliyochacha yakichemshwa na asidi ya thiobabituriki hutoa rangi ya waridi, inayosomwa kwenye nanomita 532. Neli 30 zimepangwa mbele yangu, nyingine waridi kali, nyingine karibu nyeupe, nami sijui ipi ni ya kundi gani. Nilimwomba mzee wa maabara abadilishe namba zote. Ufunguo uko kwenye bahasha, bahasha iko kabatini kwake, na amekataa kunionyesha hata nilipomletea maandazi.

Ni vigumu kuliko nilivyodhani. Jicho linataka kubahatisha. Kila waridi iliyofifia moyo unasema, hii ni ya jioni, hii ni ya kundi la tano. Namwambia moyo utulie.

Wiki ya 22

Slaidi ni 90, tatu kwa kila panya. Kila kijirija nakipa alama kwa kipimo cha Johnsen, kutoka 1, ambapo hakuna chembe yoyote, hadi 10, ambapo mbegu zilizokamilika ni nyingi na chembe zimepangika vizuri kuzunguka uwazi wa katikati. Jana slaidi moja ilikuwa na vijirija vinane mfululizo vya alama 3. Pembeni kumezungukwa na chembe mama, katikati ni tupu kama kisima kilichokauka. Kisha ikafuata nyingine imejaa, alama 9, alama 10, alama 9.

Wifi ameandika ujumbe asubuhi hii. Kaka ametoa damu ya kupima risasi, na manii pia. Alikwenda mwenyewe, akamwomba wifi amsindikize hadi mlangoni tu. Sufuria ameifukia mbali na kisima. Chubwi za msimu huu anafinyanga kwa saruji, nyepesi mno kwa nyavu zake, analalamika, zinaburutwa na mkondo.

Zimebaki slaidi 41. Kesho naanza na namba 17.